Unaogopa Ngazi, Sindano na Kutapika, Lakini Unataka Kurusha Ndege za Jeshi

Ujumbe umeingia kutoka kwa msichana aliyemaliza kidato cha nne. Alama anazo, fizikia anaimudu, mbio anakimbia. Anataka kuwa rubani katika Jeshi la Wanahewa la Kenya tangu akiwa darasa la tano. Kinachomzuia kutuma maombi ni mambo matatu: akipanda daraja la wapita kwa miguu pale Thika Road magoti yanalegea, akiona sindano anazimia, na kwenye matatu ya safari ndefu lazima akae mbele na mfuko mkononi. Mjomba wake amemwambia mtu wa aina hiyo akae mbali na ndege.

Mdogo wangu, mjomba amekosea. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu ujumbe kama wako huja kila msimu wa kuandikisha makadeti, na majibu wanayopewa vijana ni yale yale: "jikaze", "omba Mungu", "hiyo kazi si yako". Hakuna hata moja kati ya hayo linaloeleza mwili unafanya nini unapoogopa, wala ufanye nini Jumatatu asubuhi.

Kosa la kwanza ni kuzitia hofu zote kapu moja. Hofu ya kufungiwa mahali padogo hutulizwa kwa kulegeza mwili na kuvuta pumzi taratibu. Ukifanya vivyo hivyo mbele ya sindano, utaanguka. Kichefuchefu nacho si hofu kabisa, ni ugomvi kati ya macho na sikio. Kila moja ina dawa yake, na ukikosea dawa utadhani wewe ndiye mbovu.

Tuanze na urefu. Mtu akisimama, mwili hauachi kuyumba kidogo kidogo, na macho husaidia kuusahihisha kwa kutazama vitu vilivyo karibu. Juu ya daraja, kitu cha karibu kabisa kiko mita nyingi chini, kwa hiyo macho hayaoni kuyumba huko, na ubongo unapiga kengele. Ndani ya ndege hali hiyo haipo. Umekaa, mikanda imekubana mabegani na kiunoni, na hakuna ukuta wala nguzo inayokuunganisha na ardhi ili jicho lipime kina. Ndiyo maana wako marubani wengi wasiopenda kupanda ngazi ya kupakia rangi na bado wanaruka kila siku bila shida. Ukitaka uhakika, shule za urubani pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, huuza somo moja la majaribio. Saa moja au nusu saa hewani itakuonyesha zaidi ya miaka kumi ya kubishana na mjomba.

Hata hivyo usiiache hofu ya urefu ilivyo, kwa sababu kabla ya ndege kuna ukadeti, yaani mafunzo ya kuwa ofisa wa jeshi, na mafunzo ya kadeti yana kuta, kamba na magogo ya kuvuka juu. Fanya hivi. Ipe hofu namba kuanzia 0 hadi 10. Chagua mahali panapokupa 3 au 4, labda ghorofa ya pili yenye kibaraza. Simama hapo bila kung'ang'ania chuma kwa mikono miwili. Tazama mbali, kisha karibu, kisha chini. Usiondoke mpaka namba ishuke nusu. Siku ya kwanza inaweza kuchukua dakika 20, 30, hata zaidi. Kesho rudi pale pale. Namba ikianza na 1 au 2, panda hatua inayofuata: ghorofa ya tano, daraja la Thika Road magari yakipita chini, na mwisho juu ya jengo la KICC jijini Nairobi, mita 105.

Wengi huharibu zoezi hili kwa namna mbili. Wanashuka hofu ikiwa kileleni, na ubongo unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikookoa maisha. Au wanapanda huku wakitazama simu, wanamaliza mwezi mzima bila kuuona urefu wenyewe, kisha wanashangaa mbona hakuna kilichobadilika. Zoezi la dakika 30 kila siku kwa wiki mbili lina faida kuliko la saa nne mara moja kwa mwezi.

Sasa kichefuchefu, ambacho huwavunja moyo wanafunzi wa urubani kuliko urefu. Ndani ya sikio la ndani kuna mirija yenye maji inayopima mwili unavyogeuka. Ukiwa kiti cha nyuma cha matatu unasoma ujumbe, sikio linasema tunapinda kona, macho yanasema kitu kimetulia tuli. Ubongo unachanganyikiwa na tumbo linalipa. Dereva wa matatu hiyo hiyo hatapiki, kwa sababu anajua kona itakuja kabla haijafika. Hapo ndipo habari njema ilipo: rubani ni dereva. Mwanafunzi aliyeshika usukani mwenyewe huumwa kidogo kuliko yule aliyekaa akitazama mkufunzi akirusha. Ukianza kuhisi mate yanajaa mdomoni na jasho baridi, mwambie mkufunzi mapema na omba urushe wewe, ndege iwe sawa, macho yako kwenye upeo wa mbali.

Mengine ni madogo lakini yana uzito. Kula masaa mawili kabla ya kuruka, chakula chepesi: ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha, mkate mkavu. Chapati za mafuta na chai ya maziwa ziache kwa siku hiyo. Tumbo tupu nalo ni baya vile vile, na hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani wasipokula hawatatapika. Kunywa maji. Elekeza tundu la hewa usoni. Ramani iinue hadi usawa wa macho badala ya kuinamisha kichwa magotini, na ukigeuka, geuza kichwa polepole. Kichwa kikizungushwa ghafla wakati ndege inapinda, sikio linapata mizunguko miwili kwa pamoja, na hapo hata mkongwe anaweza kupepesuka.

Nchi yetu yenyewe pia ichukuliwe maanani. Kambi ya Laikipia, makao ya ndege za kivita za F-5, iko Nanyuki, karibu na Mlima Kenya, kwenye uwanda wa juu. Asubuhi hewa hutulia. Kuanzia adhuhuri jua huwa limechemsha ardhi, hewa moto inapanda, upepo unagonga mlima, na ndege ndogo inarushwarushwa kama mtumbwi. Safari ya kwanza ya mtu anayeumwa isiwe saa nane mchana, ukiwa na hiari ya kuchagua.

Mwili huzoea, na mazoea hayo yanaweza kujengwa hata nyumbani. Majeshi ya anga hutumia kiti cha kuzunguka kinachoitwa kwa jina la Robert Bárány, daktari aliyepata Tuzo ya Nobel ya 1914 kwa kazi yake juu ya sikio la ndani. Kiti cha ofisini kinachozunguka kinatosha kuanzia. Kaa, funga macho, mwenzako akuzungushe taratibu, mzunguko mmoja kwa sekunde 4 hivi, kwa dakika moja. Wakati huo pumua kwa tumbo, sekunde 4 kuingiza na sekunde 6 kutoa. Baada ya siku kadhaa ongeza nusu dakika, kisha ongeza kugeuza kichwa kushoto na kulia ukiwa unazunguka. Acha zoezi dalili ya kwanza inapotokea. Anayeendelea mpaka atapike anaufunza mwili kutapika. Mazoea haya hupotea haraka ukikaa wiki kadhaa bila zoezi, kwa hiyo yapange karibu na siku za kuruka.

Vidonge vya kuzuia kichefuchefu vinavyouzwa dukani viweke mbali na urubani. Vingi huleta usingizi, na rubani hapewi ruhusa ya kuruka peke yake akiwa amevimeza. Mifuko miwili ya kutapikia mfukoni mwa ovaroli, mahali mkono unapofika bila kutazama, haimwaibishi mtu. Ukivaa barakoa ya oksijeni, toa kibano cha upande mmoja kabla tumbo halijafika kooni. Kutapika ndani ya barakoa ni hatari ya kukabwa, na hilo ndilo kosa la kweli, kutapika kwenyewe si kosa.

Kofia, barakoa na chumba kidogo

Chumba cha rubani wa ndege ya kivita ni chembamba. Mabega yanakaribia kugusa pande zote, kofia imebana, barakoa imefunika pua na mdomo, na pumzi yako mwenyewe unaisikia masikioni. Mwenye hofu ya kufungiwa huanza kupumua harakaharaka. Kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu, vidole na midomo vinaingia ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, naye anaamini anakosa hewa, anazidi kupumua. Tatizo la pili linajificha hapo hapo: dalili hizo zinafanana sana na za kukosa oksijeni. Kwenye futi 25,000 bila oksijeni, rubani ana takriban dakika 3 hadi 5 za akili timamu. Kwenye futi 35,000 ni sekunde 30 hadi 60. Kwa hiyo hafundishwi kukisia ni lipi kati ya mawili. Anafundishwa kuweka oksijeni asilimia 100, kukagua mpira na viungo vyake, kupunguza kasi ya pumzi, na kushuka. Mpangilio huo unatibu yote mawili.

Nyumbani anza na kofia ya pikipiki inayofunika uso wote. Kaa nayo dakika 2 kioo kikiwa wazi, kisha dakika 2 kimefungwa. Ukiweza, fanya hesabu kwa sauti: 300 toa 7, toa 7, toa 7. Kazi ya hesabu si ya kukusahaulisha. Inakuzoeza kufikiri uso ukiwa umebanwa, kwa kuwa ndicho utakachotakiwa kufanya. Fika dakika 20. Kanuni ya pumzi ni moja: kutoa kuwe kurefu kuliko kuingiza.

Sindano, damu, na kwa nini anayezimia ana mwanzo mzuri

Hapa nataka usome polepole, kwa sababu ndilo eneo ambalo ushauri wa mitaani huumiza watu kabisa.

Hofu nyingine zote hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Hofu ya sindano na damu hupandisha kwanza, halafu ghafla huviangusha vyote viwili. Damu inashuka kutoka kichwani, macho yanaingia giza, mtu chini. Daktari au muuguzi anapokwambia "legeza mwili, tulia", anakusukuma shimoni bila kujua. Dawa yake ni kinyume. Mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, na wenzake waliieneza miaka ya 1980: kukaza misuli.

Kaa kwenye kiti. Kaza mapaja, makalio, tumbo na mikono kwa pamoja, sekunde 10 hadi 15, mpaka uhisi joto likipanda usoni. Joto hilo ndiyo alama yako kwamba damu imerudi juu. Achia sekunde 20 hadi 30, lakini usilegee kabisa, rudi tu hali ya kawaida. Rudia mara 5. Fanya hivyo mara kadhaa kwa siku kwa wiki moja bila sindano yoyote mbele yako. Wiki ya pili fanya ukitazama picha ya sindano, kisha video ya mtu akitolewa damu, kisha nenda kliniki ukae tu. Siku ya kutolewa damu, mwambie muuguzi kwamba huwa unazimia, omba ulale, na ukaze miguu na tumbo huku mkono unaochomwa ukiwa umelegea. Mkono ukikazwa, sindano huuma zaidi.

Sasa msikilize rubani wa kivita anavyofundishwa kustahimili nguvu ya G. G 1 ni uzito wako wa kawaida ukiwa ardhini. Ndege inapopinda kwa ukali, mwili unakuwa mzito. Mtu wa kilo 60 kwenye G 5 anabanwa kitini kama mwenye kilo 300. Damu nayo ni nzito vivyo hivyo, na inakimbilia miguuni. Kila G moja inayoongezeka hupunguza shinikizo la damu kichwani kwa takriban milimita 22 za zebaki. Karibu na G 4, mtu asiyefanya lolote huanza kupoteza rangi, dunia inakuwa ya kijivu, kisha pembe za macho zinaingia giza, kisha anazimia. F-5 imejengwa kustahimili zaidi ya G 7.

Suruali maalumu inayojaa hewa na kubana mapaja na tumbo humwongezea rubani kama G 1 hadi 1.5. Kinachobaki anakifanya mwenyewe: anakaza ndama, mapaja, makalio, kisha tumbo, kabla usukani haujavutwa. Anavuta pumzi, anaifunga, na kila sekunde 3 anaibadilisha kwa haraka, chini ya sekunde moja. Akifanya vizuri anaongeza G 3 au zaidi.

Umeona? Zoezi la msichana anayezimia kliniki na zoezi la rubani wa kivita ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili ni kuzuia damu isikimbie kichwa. Aliyejifunza kuutambua ule ukungu wa kwanza machoni na kujibu kwa miguu badala ya hofu ameshaanza somo ambalo wengine watalisikia kwa mara ya kwanza wakiwa ndani ya ovaroli.

Makosa yanayoangusha wanafunzi kwenye G yanajulikana. Wanaanza kukaza wakati uzito umeshafika. Wanakaza mabega na shingo, wanasahau miguu. Wanatoa pumzi ndefu, kifua kinalegea, na shinikizo linaanguka. Wanaruka bila kunywa maji au bila kifungua kinywa. Gimu ya kukusaidia ni ya miguu na tumbo: kuchuchumaa na uzito, kunyanyua uzito kutoka chini, mara tatu kwa wiki. Mbio zinahitajika kwa usaili, ila kilomita nyingi kupita kiasi si dawa ya G. Sehemu ya kufunga pumzi usiijaribu peke yako nyumbani. Isubiri mkufunzi.

Maji nitayapitia haraka. Kama hujui kuogelea, jifunze mwaka huu, kwa mkufunzi, kwenye bwawa. Marubani wa helikopta katika majeshi mengi hupitishwa kwenye kibanda kinachozamishwa na kupinduliwa majini. Siri yake ni kutofungua mkanda mapema: mkono mmoja ushike ukingo wa dirisha, mwingine kifungo cha mkanda, subiri kibanda kitulie, ndipo ufungue na kujivuta kufuata ule mkono. Anayefungua mkanda mapema anaelea gizani asijue juu ni wapi.

Hofu ya kuongea redioni haitajwi sana, lakini ipo, hasa kwa waliosoma shule ambako Kiingereza kilikuwa cha darasani tu. Lugha ya redio ni fupi na imepangwa. Jifunze herufi zake, Alfa, Bravo, Charlie hadi Zulu, kwa kusoma namba za magari barabarani kwa sauti. Zoea kurudia maelekezo neno kwa neno. Na ujue mpangilio wa kazi: kwanza rusha ndege, pili jua unakoelekea, tatu ndipo uongee. Mnara wa kuongozea ndege unaweza kusubiri.

Kuna hofu moja ambayo sitakupa zoezi lake. Aprili 2024 helikopta ya jeshi ilianguka Elgeyo Marakwet, akafariki Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, aliyekuwa rubani wa ndege za kivita, pamoja na wanajeshi wengine 9. Wazazi wengi waliwaambia watoto wao siku ile, "umeona?" Waliona, nasi tuliona. Kazi hii inaua, na anayekuficha hilo hakutakii mema. Mwezi uliofuata Jeshi la Wanahewa lilipata kamanda mpya, Meja Jenerali Fatuma Ahmed, mwanamke wa kwanza kuongoza kikosi hicho. Ndege ziliendelea kuruka. Uamuzi huu ni wako na familia yako, na uufanye ukijua yote mawili.

Kuhusu daktari wa jeshi: sema ukweli. Kutapika kwenye matatu utotoni au kuchukia ngazi hakumzuii mtu kuomba. Kifafa, pumu, au kutotofautisha rangi ni mambo mengine, na hakuna zoezi la kofia litakalobadilisha matokeo ya vile vitabu vya vidoti vya rangi vya kupimia macho. Hofu inayokufanya ukose usingizi, ukwepe shule au kazi, ipeleke kwa mtaalamu wa saikolojia sasa, kabla ya maombi. Aliyeficha huja kugundulika hewani, na hewani kuna mtu mwingine kiti cha pili.

Soma tangazo la mwaka wako mstari kwa mstari, kwa kuwa masharti ya umri, alama na vipimo vya mwili huandikwa humo, na ukadeti hufanyika kwenye Chuo cha Kijeshi cha Kenya kabla mtu hajaitwa rubani. Beba vyeti halisi na kitambulisho. Usaili haulipiwi. Atakayekuomba hata shilingi elfu moja "ya kufungua faili" ni mwizi, hata akiwa na picha yake amevaa magwanda. Inauma kuona mama ameuza ng'ombe kwa ajili ya barua feki.

Na wewe uliyeniandikia: anza na sindano, kwa sababu kipimo cha damu utakutana nacho mapema kuliko ndege. Mara 5, sekunde 15, joto lipande usoni. Kiti cha kuzunguka kifuate wiki ya tatu. Ukishazoea ghorofa, daraja la Thika Road lipande kila jioni ukitoka dukani, usimame katikati, na namba ikishuka nusu uniandikie umeanza na ngapi.